Kabla Hawajamchukua Mtoto: Mwongozo kwa Wazazi Wanaojifungua Wakati wa Mlipuko

Mwanangu wa pili alizaliwa Mombasa mwezi wa Juni 2020, usiku, kafyu ikiwa imeshaanza. Nilikuwa na kikohozi cha siku tatu na homa kidogo. Nilimsikia akilia, nikamwona kisogo tu alipopitishwa mlangoni mikononi mwa mtu aliyejifunika plastiki kichwa hadi miguu, kisha siku nne nzima sikumtia machoni. Majibu ya sampuli yangu yalikuwa yanangojewa. Yalipotoka, sikuwa na Korona. Katika siku hizo nne hakuna aliyeniambia nikamue maziwa, nami sikujua kuuliza. Siku ya tatu matiti yalikuwa magumu kama mawe, na mtoto alikuwa ameshazoea chupa.

Tangu wakati huo nimekaa na wajawazito wengi, majirani na ndugu, nikiwaandaa kwa jambo ambalo mimi halikunipata nimejiandaa. Korona imepoa, lakini milipuko haijaisha. Mpox imefika pwani yetu, Ebola hurudi Congo na Uganda mara kwa mara, na kipindupindu ni kama mgeni anayejua njia ya nyumbani. Kila mara hofu ni ileile: nikiingia leba nakohoa, je, watanichukulia mtoto?

Huenda wakamchukua. Wakati mwingine ni sawa wafanye hivyo. Ila hatua hiyo ina maswali matatu, na mzazi ana haki ya kujibiwa yote: kwa nini, hadi lini, na mtoto atakula nini hadi wakati huo. Yakariri hayo matatu. Mwongozo huu wote umejengwa juu yake.

Hatua ya kwanza: ujue ugonjwa wenyewe unavyoambukiza

Usianze na hospitali, anza na ugonjwa, kwa sababu jibu la Korona si jibu la Ebola.

Korona hupita hewani, mtu anapokohoa, anapozungumza, hata anapopumua karibu nawe. Maziwa ya mama hayakuonekana kuwa njia ya kumwambukiza mtoto. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu Machi 2020, mwezi uleule lilipotangaza janga, kwamba mama mwenye Korona anyonyeshe, amkumbatie mtoto ngozi kwa ngozi, na walale chumba kimoja, ilimradi avae barakoa na anawe mikono. Basi kwa nini hospitali nyingi zilitenganisha? Hofu ilikuwa kubwa na miongozo ilipingana. Madaktari wa China walitenganisha mama na mtoto kwa wiki mbili. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza kutenganisha mwezi wa Aprili 2020, kisha kikabadilisha msimamo Julai mwaka huohuo, baada ya kuona kwamba watoto waliobaki na mama zao wenye tahadhari hawakuambukizwa zaidi ya wale waliotengwa. Kwa hiyo ukikutana na mhudumu anayeshikilia kutenganisha, huenda si ukatili. Huenda anafuata karatasi ya zamani.

Kipindupindu hakizuii kunyonyesha. Mama aendelee, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtoto asipewe maji. TB pia, mara nyingi mama hubaki na mwanawe akiwa na barakoa na akitumia dawa, naye mtoto hupewa dawa ya kinga.

Mpox ni habari nyingine. Hupita kwa kugusana ngozi, na mtoto mchanga anaweza kuugua vibaya. Hapo wahudumu wanaweza kushauri mtengane mpaka vidonda vikauke, magamba yake yaanguke na ngozi mpya iote. Uamuzi huo hupimwa kwa kila mama peke yake. Ebola ndiyo nzito kuliko zote: virusi vyake vimepatikana ndani ya maziwa ya mama, na ushauri ni kuacha kunyonyesha, mtoto atengwe na alishwe kwa njia nyingine. Mama mwenye Ebola akiambiwa hivyo asidhani anaonewa.

Ukishajua hili, swali la "kwa nini" unaweza kulipima mwenyewe jibu lake.

Hatua ya pili: uliza kliniki, si leba

Wiki ya 34 hadi ya 36 ndiyo wakati mzuri. Ukishaanza uchungu huwezi kubishana na mtu, wala si haki kudaiwa ufanye hivyo.

Nesi wa kliniki huenda hajui yanayotendeka wadi ya wazazi. Mwombe akuelekeze kwa sista msimamizi wa wadi hiyo, au nenda wewe na baba mtoto siku ya kazi, asubuhi, kabla ya foleni kuwa ndefu. Muulize hivi, kwa adabu lakini bila kumung'unya: Mama akija na dalili, mnampima kwa kipimo gani na majibu huchukua saa ngapi? Wakati majibu yanangojewa, mtoto hukaa wapi? Majibu yakiwa mabaya lakini mama ana nguvu, mnawaacha pamoja? Mtoto akipelekwa nasari, yaani wadi ya watoto wachanga, mimi ninaweza kuingia, au maziwa yangu yatapelekwa na nani? Je, naruhusiwa mtu mmoja wa kunisindikiza?

Swali la saa za majibu ndilo lililoniumiza mimi, na ndilo watu hulisahau. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya nusu saa. Sampuli inayosafirishwa maabara huchukua siku. Hospitali inayotenganisha "mpaka majibu yatoke" na majibu yenyewe hutoka baada ya siku nne, kwa kweli inatenganisha kwa siku nne. Kama ni hivyo, uliza kama unaweza kupimwa mapema ukiona dalili, kabla ya siku yako.

Ukipata majibu yasiyokuridhisha na una uwezo wa kuchagua, tembelea hospitali ya pili. Wengi hatuna uwezo huo, najua. Basi endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: liweke kwenye maandishi

Chukua karatasi nusu, andika, ibandike ndani ya kijitabu chako cha kliniki mahali ambapo kila anayekifungua ataiona. Maneno yawe machache. Hii ndiyo ninayowaandikia wenzangu:

"Naitwa fulani. Naomba nikae na mwanangu na nimnyonyeshe. Nikiwa na dalili za ugonjwa nitavaa barakoa na kunawa mikono kila mara kabla ya kumshika. Ikibidi tutenganishwe, naomba daktari anieleze sababu na muda, na aandike kwenye faili. Naomba mtoto apewe maziwa yangu kwa kikombe, si chupa. Mtu wa kumshika badala yangu ni fulani, simu yake hii."

Karatasi hiyo si amri, na usiikabidhi kama hati ya mahakama. Ila mhudumu wa zamu ya usiku aliyechoka, mwenye akina mama kumi, huweza kusoma mistari sita haraka kuliko kusikiliza maelezo ya mtu anayeumwa uchungu.

Huyo "mtu wa kumshika badala yangu" mfikirie vizuri. Wengi humtaja mume. Lakini mume anayelala chumba kimoja na mgonjwa anahesabiwa kuwa ameshakutana na ugonjwa, na anaweza kuzuiwa mlangoni. Bibi naye, ikiwa ni mzee mwenye sukari au presha, usimhatarishe. Tafuta dada, shangazi au wifi ambaye haishi nanyi, mwenye afya, na umwambie mapema. Asipigiwe simu saa nane za usiku akaanza kutafuta barakoa.

Hatua ya nne: njia ya kufika na mfuko wa kubeba

Kenya kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mombasa ilifungwa Aprili, hakuna kuingia wala kutoka, na Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Kuna wanawake waliojifungulia nyumbani kwa kuwa hakuna tuktuk iliyothubutu kutoka. Nairobi, Daktari Jemimah Kariuki alianzisha mpango wa Wheels for Life wa kuwapatia wajawazito gari bure usiku, kwa sababu aliona akina mama wakifika hospitali wamechelewa. Usitegemee kwamba mpango kama huo utakuwepo kwenu. Tafuta dereva wawili, si mmoja, mkubaliane bei sasa, na namba zao ziwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani. Kijitabu cha kliniki kiwe mkononi, ndicho cha kuonyesha askari kwenye kizuizi cha barabarani.

Katika mfuko, pamoja na vitu vya kawaida vya uzazi, ongeza barakoa za kutosha siku tano, sabuni yako mwenyewe, chaja ya simu na ya akiba kama ipo, vikombe vidogo viwili vyenye mfuniko vilivyochemshwa, kijiko, kalamu na plasta ya kuandikia jina kwenye kikombe. Leso mbili zaidi. Leso ya kumfungia mtoto kifuani ni muhimu kuliko nguo nyingi nzuri tunazonunua.

Hatua ya tano: leba na saa ile ya kwanza

Ukiingia tu, sema dalili zako kwa ukweli. Kuna wanaoficha kikohozi wakihofia kunyang'anywa mtoto. Nawaelewa, lakini kuficha humnyima mtoto ile barakoa ambayo ingemkinga, na huwahatarisha wakunga na kina mama wa vitanda vya jirani. Sema, kisha mpe mhudumu kijitabu chenye karatasi.

Mtoto akizaliwa analia vizuri, omba awekwe kifuani mara moja, afunikwe mgongo, nawe ukiwa na barakoa. Kuoga kwake kunaweza kungoja saa 24. Hakuna haja ya kumkimbiza bombani ili "virusi vitoke." Omba aanze kunyonya ndani ya saa moja.

Wakisema anaondoka, hapo ndipo maswali yale matatu. Kama huwezi kuyatamka, msindikizaji ayatamke. "Daktari, ni kwa nini, hadi lini, na atakula nini?" Usipige kelele, wala usiondoke kwenye swali mpaka lijibiwe. Wakikuambia "ni utaratibu tu," omba uzungumze na msimamizi wa zamu, na ikishindikana, na daktari mkuu wa hospitali. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, huduma za uzazi zikiwemo, na kuelezwa unachofanyiwa ni sehemu ya matibabu, si hisani. Lakini ikiwa mtoto hapumui vizuri au wewe una hali mbaya, waachie njia. Maswali yataulizwa baada ya robo saa.

Hatua ya sita: mkibaki pamoja na wewe unaumwa

Hii ndiyo hali ya wengi, na ni nyepesi kuliko inavyoogopwa. Vaa barakoa kila unapomshika au kumnyonyesha, ibadilishe ikilowa. Nawa mikono kwa sabuni sekunde 20 kabla na baada. Ukimaliza kunyonyesha, mlaze kwenye kitanda chake, mita mbili kutoka kwako kama chumba kinaruhusu, kichwa chake upande wa mbali na uso wako. Fungua madirisha. Mtoto mchanga hafungwi barakoa kamwe, wala hafunikwi uso kwa plastiki au leso. Anaweza kukosa hewa. Ukizidiwa na homa, mtu mzima asiye na dalili amshike, nawe umnyonyeshe tu au ukamue.

Barakoa zikiisha, usiache kunyonyesha. Geuza uso unapokohoa, na kikohozi ukipeleke kwenye kiwiko.

Hatua ya saba: mkitenganishwa, maziwa yasikatike

Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo mimi nilipopoteza.

Mwili hutengeneza maziwa kwa kuombwa. Mtoto asipokuwepo, mikono yako ndiyo iombe. Anza kukamua ndani ya saa moja au mbili baada ya kujifungua ukiweza, na uendelee mara nane au zaidi kwa siku, na zamu ya usiku isirukwe. Ile ya saa tisa za usiku ni chungu kuamkia lakini ina faida kubwa.

Huhitaji mashine. Nawa mikono, kaa umeinama kidogo mbele, kikombe kikiwa chini ya titi. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, kama herufi C, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana kidole gumba na vingine pamoja, kisha achilia. Rudia kwa mdundo. Usiteleze vidole juu ya ngozi na usivute chuchu, utajiumiza bure. Zungusha mkono kila mahali pa titi, kisha hamia la pili, kisha rudi la kwanza.

Siku ya kwanza hutaona maziwa, utaona matone mazito ya njano. Hiyo ni dang'a. Wengi huitupa au hukata tamaa, wakisema "hakuna kitu." Tumbo la mtoto siku hiyo halihitaji zaidi ya kijiko cha chai kwa mlo mmoja. Hata matone matano yakusanye kwa kijiko au kwa sirinji isiyo na sindano, yapelekwe. Andika jina lako, tarehe na saa kwenye kikombe. Vitabu husema maziwa mabichi hukaa saa 4 penye joto la nyuzi 25. Mombasa adhuhuri si nyuzi 25. Ama mtoto anywe sasa hivi, ama yaingie friji, ambamo hukaa hadi siku 4.

Sisitiza kikombe. Mtoto hukaa wima, kikombe hugusishwa mdomo wa chini, naye hulamba mwenyewe. Hamiminiwi. Chupa humfundisha mdomo namna nyingine, na kikombe husafishika kirahisi.

Kila siku, saa ileile, omba taarifa ya mtoto: amekula mara ngapi, uzito, amekojoa? Omba picha au simu ya video kupitia kwa nesi. Sista mmoja wa zamu ya usiku aliniletea picha ya mwanangu kwenye simu yake siku ya tatu, bila mtu kumwomba. Nilipoiona maziwa yalichuruzika yenyewe. Mpaka leo namwombea.

Ikiwa mtoto ni njiti

Kwa mtoto mdogo sana, kutengana kuna gharama kubwa zaidi. Njia ya kangaruu, mtoto akivuliwa nguo na kufungwa kifuani kwa mama, ilianzia Bogotá mwaka 1978 hospitali ilipokosa inkubeta za kutosha. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa kilo 1 hadi karibu 1.8. Wale waliofungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie, walifariki asilimia 12.0 katika siku 28 za kwanza, na wale waliongojea kwanza, asilimia 15.7. Ili hilo liwezekane, mama aliwekewa kitanda ndani ya wadi ya watoto. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na wenzake walikadiria kwamba kangaruu ikienea kikamilifu ingeweza kuokoa watoto zaidi ya 125,000, kiasi kinachoizidi mbali hatari ya watoto kufa kwa Korona.

Takwimu hizi mpe daktari wa nasari kwa upole. Muulize kama mama mwenye barakoa anaweza kuingia, na kama haiwezekani, kama yule uliyemwandika kwenye karatasi anaweza kumfunga mtoto kifuani badala yako.

Siku ya kurudiana

Mtoto akirudishwa, usimpeleke titi mara moja akiwa analia kwa njaa. Mvue, mlaze kifuani, jifungeni leso, mkae. Mpe nafasi atafute mwenyewe. Kamua matone machache kwenye chuchu anuse. Huenda akakataa siku mbili, huenda wiki. Mwanangu alichukua siku kumi na moja, nikimlisha kwa kikombe huku nikimjaribu kila asubuhi akiwa nusu usingizini. Akikataa usimlazimishe kichwa. Mtoto hukumbuka.

Nyumbani, wageni wangojee. Najua arobaini yetu na namna mama mkwe anavyotaka kumbeba mjukuu. Mwambie, "Mama, nawa mikono, vaa barakoa, kisha mpakate." Anayekohoa atume salamu. Nawe ukiona unalia kila siku kwa wiki mbili, hulali hata mtoto akilala, au humtaki, mwambie nesi wa kliniki. Kutenganishwa huacha kidonda, nacho hutibiwa.

Mkimbize hospitali, usiku au mchana, ikiwa anakataa kunyonya, ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, amepoa chini ya 35.5, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kinaingia ndani anapovuta hewa, anapata degedege, au viganja na nyayo vimekuwa vya njano. Wewe mwenyewe kimbia ukivuja damu nyingi, ukiumwa kichwa kikali na kuona ukungu, au ukikosa pumzi. Mpigie yule dereva wa kwanza. Asipopokea, mpigie wa pili.